Meli Niliyompandisha Mdogo Wangu

Mama yangu hajawahi kuiona bahari isipokuwa ndani ya sinema moja. Ziwa Nyasa analijua, kwa kuwa alipokuwa msichana alikuwa akishuka Kyela kwa miguu na wenzake kufuata mchele. Lakini bahari yenyewe, maji yasiyo na ng'ambo, aliiona sebuleni kwake Lufingo, amekaa kwenye kigoda, huku mdogo wangu wa kiume amechuchumaa pembeni ya televisheni akimtafsiria.

Ilikuwa sinema ya vita. Ndani yake kuna meli inayojifanya ya mizigo. Imepakwa rangi chakavu, na juu ya sitaha mabaharia wawili wamevalishwa magauni na kofia za kike wanatembea taratibu kama mke wa nahodha na shoga yake. Nyuma ya mbao za uongo na chini ya maturubai imefichwa mizinga. Meli hiyo huzisogelea meli nyingine ikipeperusha bendera ya nchi isiyo yake, na inapofika karibu, mbao huanguka, bendera ya uongo hushushwa, ya kweli hupandishwa, na hapo ndipo mizinga huanza kusema. Nahodha wake ni mwanamume mwembamba, mpole wa sauti. Akishaizamisha meli ya adui haondoki. Husubiri mpaka kila aliyeko majini ametolewa, hata wasaidizi wake wanapomwambia kwamba manowari za adui ziko njiani.

Mdogo wangu alikuwa mtafsiri wa sinema. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Kila Jumapili mchana, kwenye banda la video karibu na mashamba ya chai, aliketi na kipaza sauti mkononi, akapunguza sauti ya sinema, akasema yeye sauti zote: ya jambazi, ya polisi, ya mwanamke anayelia, hata ya mbwa. Wachuma chai na watu wa kiwandani walijazana kwenye mabenchi. Kiingereza chake kilikuwa cha kidato cha nne, kingine alikiokota humo humo kwenye sinema. Pale asipoelewa alitunga, na mara nyingi alichotunga kilikuwa kitamu kuliko kilichosemwa. Mimi nafundisha Kiingereza sekondari, nilijua lini anatunga, na alikuwa akinitupia jicho pembeni nisimharibie.

Ile ya meli aliitafsiri kwa Kiswahili kama nyingine zote. Kisha akaitafsiri tena kwa Kinyakyusa, kwa ajili ya mama peke yake. Alijirekodi kwa simu chumbani, kajifunika blanketi kichwani ili mvua iliyokuwa ikigonga bati isiingie. Iliingia hata hivyo. Ukisikiliza vizuri, katikati ya bahari ile kubwa unaisikia mvua ya Lufingo. Nahodha alimwita malafyale, yaani chifu, na mama alimpokea hivyo hivyo, kama chifu.

Kuna mahali mateka mmoja anafia melini, kijana wa upande wa adui. Nahodha anaamuru afungwe ndani ya bendera ya nchi yake mwenyewe, mabaharia wanajipanga, naye anavua kofia na kusimama mpaka maiti inateremshwa majini. Mara ya kwanza mama alipoiona alishika mdomo.

"Wanamtupa tu? Bila mama yake?"

"Malafyale amesimama badala ya mama yake," mdogo wangu akajibu. Sentensi hiyo haimo kwenye sinema.

Wala mwisho alioutafsiri haumo. Mwishoni manowari inaikuta ile meli. Nahodha anawashusha watu wake wote kwenye mashua, mateka kwanza, kisha anabaki na kuzama nayo. Mdogo wangu alimwambia mama kwamba malafyale aliogelea mpaka nchi kavu, akapokelewa vizuri, akaoa huko huko. Mama alicheka na kupiga makofi. Nilipomvuta mdogo wangu jikoni na kumwambia anadanganya, alinishika bega.

"Acha, dada. Ni sinema. Mama alale vizuri."

Mwaka juzi, mvua za masika zilipokuwa zimekolea, miguu ya mama ilianza kuvimba. Kisha pumzi ikawa fupi. Alikuwa akitoka shambani na mkungu wa ndizi anakaa njiani mara tatu. Tukampeleka Igogwe, hospitali ya misheni, wakamlaza. Daktari alituambia moyo umechoka na umepanuka, lakini kwa dawa na mapumziko anaweza kuishi nao miaka. Mimi niliomba ruhusa shuleni nikabaki naye. Mdogo wangu alikuwa Mbeya wiki hiyo, kuna wenzake waliokuwa na studio ndogo wakirekodi sinema pamoja.

Mama alimpigia simu kwa mkono wangu. "Pitia nyumbani kwanza," akamwambia. "Niletee ndala zangu na kitenge cha kijani. Sakafu ya huku ni baridi, na hizi za kuazima zinanibana."

"Kesho mchana niko hapo, mama," akasema. Sauti yake ilisikika wodi nzima, alikuwa na sauti ya namna hiyo.

Kesho yake alifika Lufingo, akachukua ndala na kitenge, akapanda bodaboda kuja Igogwe. Kulikuwa na ukungu. Kwenye mteremko wa barabara kuu, lori lililokatika breki liliwapitia kwa nyuma. Dereva wa bodaboda alivunjika mguu. Mdogo wangu hakufika hata kwenye gari la kumbebea.

Simu ilinikuta namwosha mama miguu. Nilipoona ni mjomba nikatoka nje na mikono yenye povu.

"Mwanangu," mjomba akasema, "umekaa au umesimama?"

Nilikaa kwenye ngazi. Sijui nilikaa muda gani. Nakumbuka mwanamke mmoja aliyekuwa akianika nguo kwenye ua alikuja akanifunika kanga mabegani bila kuniuliza kitu. Kisha nikaenda bombani nikanawa uso, nikarudi wodini. Maji ya beseni yalikuwa yamepoa.

"Amefika wapi?" mama akauliza.

"Mvua imemzuia, mama."

Huo ndio ulikuwa uongo wangu wa kwanza.

Daktari nilimwambia ukweli jioni ile ile. Alikuwa kijana, mdogo kwangu, lakini alivuta kiti akakaa nami kama mtu mzima. Alisema mama asiambiwe siku hiyo wala kesho yake. "Mpeni siku tatu, nne, moyo utulie. Kisha mwambieni hapa hapa, mimi nikiwepo. Asiende nyumbani hajui." Namweka hapa daktari huyo kwa sababu watu wengi baadaye walisema ni hospitali iliyotukataza. Hospitali haikutukataza.

Kikao cha ukoo kilifanyika Lufingo, maiti ikiwa bado mochwari. Mjomba alisema tuzike. "Tukimwambia dada yangu leo, tutazika wawili. Mimi siko tayari kuzika wawili." Wazee wakaitikia. Aliyepinga alikuwa mmoja tu, naye hakuwa wa ukoo. Ni fundi cherehani wa Tukuyu mjini, mwenye lile banda la video, mzee Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani. Alikuwa amempenda mdogo wangu kama mwanawe, na alipewa nafasi ya kusema kwa heshima hiyo.

"Mwambieni, au msubirini," akasema. "Ila msimzikie mtoto wake kimya kimya."

"Ninyi mnazika siku hiyo hiyo," mjomba akamjibu, "leo unatufundisha kusubiri?"

"Tunazika upesi, ndugu yangu. Lakini hatumfichi mama."

Baba yetu alikuwa amefariki zamani, mimi ndiye mtoto wa kwanza, macho yote yakanigeukia. Ningeweza kusema jambo. Ningesema, tusubiri siku nne za daktari, wangesubiri. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa naogopa, na ndani kabisa sikutaka kuwa mimi wa kumtamkia. Nikasema, "Mjomba yuko sahihi."

Tulimzika migombani, pembeni ya baba. Watu walikuwa wengi mno. Walikuja wachuma chai na vikapu vyao mgongoni, kwa kuwa ilikuwa siku ya kazi. Wanawake walilia kwa sauti kama inavyopaswa, na kila sauti ilipopanda mimi nilikuwa nahesabu milima iliyoko kati yetu na Igogwe. Jioni nilioga, nikabadilisha nguo zenye udongo, nikarudi kumlisha mama uji.

Siku ya nne daktari alikuja kitandani, akampima, kisha akaniangalia. Niliyaelewa macho yake. Nikatikisa kichwa, nikamwambia kwenye korido, "Kesho." Kesho yake mama alikuwa amelala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza, ameamka anaomba ndizi za kuchemsha. Nikasema tena kesho. Siku ya kuruhusiwa daktari alinisimamisha mlangoni.

"Mwalimu, umeshamwambia?"

"Nitamwambia nyumbani. Kwa utulivu."

Hakuniamini, niliona. Lakini alikuwa na wodi nzima inamsubiri.

Lufingo sikuweza kumrudisha, kaburi lingemlaki mlangoni. Nikamleta kwangu Ibighi, hapa Tukuyu mjini, ninakoishi na mume wangu, nikampa chumba cha mbele. Nilinunua ndala mpya sokoni, nikamwambia ametuma mwanawe. Mama alizitazama.

"Nilimwomba zangu. Mbona yeye mwenyewe haji?"

Simu ya mdogo wangu ilikuwa haipatikani, mama alikuwa amejaribu kwa mkono wa jirani. Nilihitaji mahali ambapo simu haifiki. Nimefikiria mara nyingi kwa nini mdomo wangu ulikwenda kule ulikokwenda, na sina jibu. Nilisema, "Amepata kazi, mama. Melini. Walimwita ghafla, hakupata nafasi ya kuaga."

Mama aliweka kikombe chini. "Meli kama ya malafyale?"

"Ni ya mizigo, mama."

"Hata ile walisema ni ya mizigo," akasema, akacheka mpaka akakohoa. Nami nikacheka naye. Tulicheka wote wawili mchana kweupe, mdogo wangu ana siku kumi na moja ardhini.

Baada ya hapo aliidai ile sinema. Flashi yenye ile tafsiri ya Kinyakyusa ilikuwa Lufingo, nikaenda kuichukua. Kila siku nilipotoka shuleni nilimkuta ameshakaa, ananisubiri niiwashe. Ikawa mimi na mama tunaisikiliza sauti ya mdogo wangu kila alasiri, ikitaniana na mabaharia, ikitoa amri, ikimwita mama katikati ya maneno, "Juba, angalia hapa, wanashusha mbao." Juba ndivyo tunavyomwita mama nyumbani. Mama humjibu. "Naona, mwanangu, naona." Mimi nilikuwa nakwenda jikoni nafungua bomba.

Naye aliuliza. Je, chumba chake kina dirisha? Wanakula nini huko? Kuna Wanyakyusa wengine melini? Akiumwa anatibiwa na nani? Nilijibu yote. Nilimpa mdogo wangu kitanda cha juu, nikampa rafiki kutoka Tanga anayemfundisha kuogelea, nikampa nahodha mkali lakini mwenye haki. Kadiri nilivyoongeza ndivyo mama alivyonawiri. Miguu ilinywea. Alianza kupalilia bustani yangu ndogo ya mboga. Mjomba alipokuja kumsalimia aliniambia getini, "Unaona? Tulifanya vizuri." Na mimi nilitaka sana iwe kweli.

Jumapili moja mama alinituma nimwandikishe mwanawe kwenye maombi ya wasafiri. Sikuthubutu kukataa. Mchungaji aliyekuwa madhabahuni ndiye aliyemzika. Alikisoma kikaratasi, kisha akaomba kwa ajili ya wote walio juu ya maji. Hakufumba macho. Alikuwa ananiangalia mimi. Baada ya ibada alinifuata nje.

"Mwalimu," akasema, "usinifanyie hivyo tena."

Nikaahidi kwamba wiki ile ningemwambia mama. Wiki ikapita. Ilipita na nyingine. Kuna siku nilikaa kitandani kwake kabisa, nikashika mkono wake, nikasema, "Mama, kuna jambo." Akasema, "Ninalijua, umepata uhamisho." Nikasema hapana, sijapata uhamisho, akafurahi, na nikaondoka.

Ilikuwa mwezi wa tano tangu mazishi. Nilimpeleka kliniki ya presha hapa mjini. Nilimwacha kwenye benchi nikaenda dirishani kufuata kadi. Niliporudi nilimkuta mwanamke wa makamo yake amemshika mkono, mwenzake wa siku za kuchuma chai, ambaye walikuwa hawajaonana siku nyingi. Nilimsikia anamalizia.

"... mimi nilikuwa Chunya kwa binti yangu, sikuwahi mazishi. Nimesikia vibaya sana, mwenzangu. Kitindamimba! Pole sana."

Mama alimtazama yule mwanamke. Kisha alinitazama mimi, nimesimama na kadi mkononi. Halafu akamgeukia mwenzake, akamgusa goti.

"Ahsante," akasema. "Tumepokea."

Hakunitia aibu mbele za watu. Alipimwa presha, akajibu maswali ya nesi, akapokea dawa. Tulipanda bajaji hadi Ibighi. Nyumbani alikaa mahali pake, akaweka mikono magotini.

"Washa sinema."

"Mama..."

"Nimesema washa."

Nikawasha. Tukaitazama kama siku zote. Sauti ya mdogo wangu ikafungua, ikaimba kidogo kama alivyozoea mwanzoni. Ikafika pale meli inaposogea, mbao zinaanguka, bendera ya uongo inateremka na ya kweli inapanda.

"Simamisha hapo."

Nikasimamisha. Mama aliongea kwa Kinyakyusa, polepole, kama mtu anayempa maelekezo mgeni wa njia.

"Huyu ni mtu wa vita. Anadanganya siku nzima. Lakini kabla ya kumpiga mtu anamwonyesha yeye ni nani. Wewe umenipiga miezi mitano hujanionyesha."

"Mama, moyo wako. Tuliogopa. Hata yeye alikudanganya kwa ajili yako, mwisho wa hii sinema sivyo..."

"Najua mwisho wake." Hakuinua sauti. "Mimi si kipofu. Niliona maji yanamfunika. Tangu siku ya kwanza niliona. Nilimwachia mwanangu adanganye kwa sababu ilikuwa sinema."

Nilipiga magoti mbele yake, hakunigusa wala hakunisukuma.

"Alikufa lini?"

Nikamwambia.

"Alikuwa anatoka wapi?"

Nikaenda chumbani kwangu, nikatoa juu ya kabati mfuko ambao polisi walitukabidhi. Nilikuwa sijaufungua. Mama aliufungua mwenyewe. Ndala zake zilikuwemo, zimefungwa pamoja kwa raba, na kitenge cha kijani kimekunjwa vizuri, kimekunjwa na mtu aliyezoea kumkunjia mama yake nguo. Alikiweka usoni. Alikaa hivyo, kitenge usoni, bila kulia, mpaka nikaogopa kwamba hapumui.

"Basi mimi ndiye niliyemwita njiani," akasema ndani ya kitambaa.

Hapo ndipo nilipoelewa kile nilichokuwa namkinga nacho, na pia kwamba sikumkinga na chochote.

Asubuhi yake alitaka Lufingo. Tulifika ukungu haujaondoka. Alishuka, akaingia migombani bila kuuliza njia, akaliona kaburi pembeni ya la baba. Nyasi zilikuwa zimeshaota juu yake. Mama akapiga yowe. Sijawahi kusikia sauti ile ikitoka kwa mtu ninayemjua. Wanawake waliokuwa mashambani waliacha majembe yao, wakaja wakikimbia, na walipomwona nani analia na kwa nini, hakuna aliyesema kwamba msiba huo umeshapita. Walijifunga vitenge viunoni. Walilia naye kana kwamba maiti imeletwa asubuhi ile. Wengine walitoka vijiji vya jirani. Mkeka ulitandikwa, moto ukawashwa, pombe ya kienyeji ikaletwa kwa wanaokunywa. Msiba wa mdogo wangu ulikaa siku tatu, miezi mitano baada ya kuzikwa.

Mjomba alikuja akiwa ameshika kofia mkononi. Mama alimpa kiti, hakumpa neno.

Mimi nilisogea mkekani nikae kati ya wanawake, nafasi ya dada wa marehemu. Mama aliweka kiganja mahali nilipotaka kukaa.

"Wewe ulishamlilia," akasema. "Siku ya wengine. Niache na mimi nilie ya kwangu."

Nikakaa nje, kwenye gogo, na wanaume. Fundi cherehani alikuwa hapo, amekuja na kanzu yake nyeupe na viatu vilivyojaa tope. Hakuniambia kwamba alituonya. Alinisogezea nafasi tu. Baadaye nilisikia kwamba mama alimwita ndani na kumshukuru kwa alichosema kwenye kikao, maana wanawake walikuwa wamemsimulia yote.

Mama hakurudi Ibighi. Anakaa Lufingo na binti wa mjomba, anameza dawa zake, moyo wake unakwenda. Moyo ambao tuliogopa ungepasuka haukupasuka. Ningekuwa mwongo nikisema kwamba hilo hunifariji.

Kila Jumamosi naenda. Nachukua sabuni, sukari, mafuta ya taa, dawa. Zamani nilipoingia uani aliniita, "Ugonile, mwanangu," tunavyosalimiana na mtu wetu. Sasa ananisalimia, "Mugonile, mwalimu," salamu ya mgeni wa heshima. Ananiwekea chai kwenye kikombe cha sahani, kile cha wachungaji. Ananisindikiza mpaka njiani nikiondoka. Mtu wa pembeni angesema tunaishi vizuri. Lakini tangu siku ile hakuniuliza swali hata moja. Si la shule, si la mume wangu, si la afya. Nadhani aliona kwamba akiniuliza kitu, mimi ndiye nitakayejibu.

Huku mjini bado naisikia sauti ya mdogo wangu. Ile tafsiri ya Kiswahili imesambaa, watu wamenakiliana kwenye simu na flashi. Kuna saluni ya kiume karibu na stendi wanaipenda. Siku moja nilipita ikiwa imefika pale nahodha anapovua kofia, vijana wanne wamenyamaza, kinyozi ameshika mashine hewani. Nilisimama nje nikasikiliza mpaka mwisho. Hakuna aliyenijua. Fundi cherehani yeye hakuionyesha tena bandani kwake. Watu wanamwomba, anawaambia imeharibika.

Jumamosi ya mwisho mwezi uliopita mvua ilinikamata Lufingo. Tulikuwa tumekaa jikoni, mama anamenya ndizi, mimi namenya nyingine upande wa pili wa jiko. Binti wa mjomba alikuwa ameenda kusaga. Tulimenya muda mrefu. Mama hakuinua macho aliposema.

"Mlimvika nini?"

Niliweka kisu chini. "Suti ya kijivu, mama. Ile ya harusi yangu."

"Nani alimwosha?"

"Mjomba, na wanaume wawili wa kanisani."

"Uso mlimfungua?"

Ningeweza kusema ndiyo, kwamba alikuwa kama amelala. Watu husema hivyo. "Hapana, mama. Ulikuwa umeumia. Hawakumfungua. Mimi niliona mkono tu."

Kisu chake kilisimama, kisha kikaendelea. Aliuliza kwaya iliimba nini, nikamwambia. Aliuliza kama kulikuwa na mvua, nikasema asubuhi tu. Aliuliza nani alihubiri, nani alianguka, nani hakuja. Aliuliza kama siku ile nilikula.

"Nilikula, mama. Nilikula sahani mbili. Sijui kwa nini."

Aliitikia kwa kichwa. Ganda la ndizi lilianguka kwenye beseni.

"Udongo wa kwanza alitupa nani?"

"Mimi. Mjomba aliniambia nitupe mimi, kwa niaba yako."

Mama aliacha kumenya. Alinitazama, kwa mara ya kwanza tangu kliniki alinitazama usoni, na uso wake haukuwa umenisamehe. Nilitaka kusema samahani, lakini nilikuwa nimeshaisema mara nyingi mno na haikuwa ndiyo aliyoiuliza. Mvua ilikuwa imezidi juu ya bati, ikabidi tupandishe sauti ili tusikilizane.

"Haya," akasema. "Endelea. Walipomaliza kufukia, ikawaje?"

Nikavuta kigoda karibu, nikaendelea.